Msomee Mwenyewe Kwanza: Kumkumbuka Sajini Munirah Adoch

Saa kumi na dakika tano jioni, Jumatano ya wiki iliyopita. Katika makaburi ya Waislamu upande wa Makindye, Kampala, watu kumi na tisa walisimama nyuma ya familia, kila mmoja akiwa na daftari la shule mkononi. Hakuna aliyelifungua daftari lake. Maziko yalipokwisha, waliondoka nayo.

Wasikilizaji wapendwa, aliyezikwa ni Munirah Adoch, sajini mstaafu wa polisi. Alifariki Jumanne, baada ya kuugua miezi mitatu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano. Hakuwa mwalimu. Hakuchapisha kitabu, wala shairi, wala barua gazetini. Nimetafuta, sikupata. Sasa wale kumi na tisa walikuwa akina nani, na madaftari yale yalikuwa ya nini? Swali hilo ndilo lililoniongoza wiki nzima.

Munirah Adoch alizaliwa mwaka 1960, kaskazini mwa Uganda, karibu na Kitgum. Baba Mwislamu, mama Mkatoliki. Alijiunga na polisi mwaka 1984, akastaafu mwaka 2015. Miaka thelathini na mmoja, na karibu yote aliifanya kazi moja: kuandika maelezo ya watu. Polisi wenyewe huyaita stetimenti. Mtu anakuja mezani, anasema alichokiona, askari anaandika. Aliishi katika nyumba za polisi Nsambya, akamlea huko binti yake wa pekee, Habibah. Alipostaafu, alipanga nyumba ya vyumba viwili Makindye.

Jirani yake huko alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu, Kongo, anaitwa Guerschom. Mwaka 2016 Guerschom alimpelekea kurasa kumi na moja alizoandika juu ya marehemu baba yake. Alitaka mtu anayejua kuandika azitazame.

“Nilidhani Afande ataniambia pole,” Guerschom ameniambia. Wote walimwita Afande. “Alisoma zote, hakuruka mstari. Halafu akauliza: ‘Huyu baba alikuwa anavaa viatu gani?’ Nikasema, Afande, sikumbuki. ‘Nani anakumbuka?’ Nikasema labda shangazi yangu, anauza samaki Ggaba. Akasema, ‘Basi enda Ggaba. Huzuni yako nimeiona hapa. Baba bado sijamwona.’”

Guerschom alikwenda Ggaba. Shangazi alikumbuka: viatu vya mpira, cha kushoto kimekatwa mbele ili kidole kilichovunjika kipate nafasi. Guerschom aliandika upya. Jumamosi iliyofuata alikuja na rafiki yake, naye ana daftari.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, wasikilizaji wapendwa. Kila Jumamosi, saa tisa alasiri, barazani kwa Afande. Walikuja Wakongo wenye vibanda vya nguo na saluni. Walikuja askari wastaafu na watoto wa askari. Hapakuwa na ada wala fomu. Mtu akisema hana kipaji, Afande alikuwa na jibu moja, na watu wanne tofauti wamenirudilia jibu hilo hilo: “Kipaji mimi sijui inakaa wapi. Kalamu naona unayo.”

Hakuwa mpole sana. Konstebo mstaafu Okwir alileta hadithi ya mapenzi. Bado anayo, na amenionyesha. Sentensi ya kwanza inasema: “Mnamo tarehe tajwa, mhusika alionekana maeneo ya sokoni akitabasamu bila sababu maalumu.” Afande alimtazama juu ya miwani.

“Okwir, huyu mwanamke unampenda au unamkamata?”

“Nampenda, Afande.”

“Basi mwachie huru kidogo.”

Okwir anacheka akisimulia. Ameiandika hadithi hiyo mara sita. Anasema sasa mwanamke yule anaweza kutembea mwenyewe.

Lakini sheria kubwa ya baraza lile ilikuwa nyingine, na ndiyo iliyonishangaza zaidi. Ukiandika juu ya mtu aliye hai, kazi yako haijaisha mpaka umsomee. Umsomee kwa lugha anayoielewa, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akisahihisha, unanyamaza. Hujitetei. Akiridhika, anatia sahihi au kidole gumba chini ya kila ukurasa. Ndivyo maelezo ya polisi yanavyotakiwa kumalizwa: askari anamsomea mwenye maneno, kisha mwenye maneno anatia sahihi.

Kwa nini aliishika sheria hii hivyo? Nilimuuliza Habibah, binti yake.

“Mama alikosea mara moja,” alisema. “Mwaka 1991. Mwanamke mmoja alikuja kueleza juu ya wizi wa nyavu. Mama alikuwa amechoka, akaandika kwamba yule kijana alifika kwenye mtumbwi kabla ya nyavu kupotea. Mwanamke alikuwa amesema baada. Mama hakumsomea. Alimwambia tu, weka kidole hapa. Kijana alikaa rumande miezi tisa.”

Sijaliona jalada la kesi hiyo. Ninayo kauli ya Habibah, na ya Oola, mdogo wa marehemu, aliyeisikia habari hiyo kutoka kwa dada yake mwenyewe. Wote wawili wametaja miezi tisa. Oola ameongeza jambo moja: “Alimtafuta yule kijana akamwomba radhi. Kijana alimuuliza, ‘Ingekuchukua dakika ngapi kumsomea?’”

Sasa niwajulishe kwa Pélagie. Ana miaka ishirini na mitano, anasuka nywele Makindye. Mwaka 2012, akiwa na miaka kumi na miwili, familia yake ilikimbia vita kutoka Rutshuru, mashariki mwa Kongo. Ameandika juu ya siku waliyoondoka, kurasa kumi na nne. Wenzake barazani wanakusanya hadithi zao ziwe kijitabu kimoja. Hadithi kumi na nane zimekamilika. Ya Pélagie peke yake ilikuwa bado, kwa kuwa aliyeandikwa humo ni mama yake, Marlène, na Pélagie hakuwa amemsomea.

“Mama hajawahi kuizungumzia siku ile,” Pélagie ameniambia. “Niliogopa nikimsomea ataniambia nichane. Na mimi sina nyingine kama hii.”

Wiki moja kabla ya kifo, alimpelekea Afande zile kurasa kitandani. Habibah alikuwepo.

“Mama yako ametia sahihi?”

“Bado, Afande. Nilitaka wewe uone kwanza.”

“Mimi nilikuwa Rutshuru?”

“Hapana.”

“Basi mimi nitajua nini? Peleka kwa mwenyewe.” Akazirudisha bila kuzisoma. Habibah anasema Pélagie alitoka akiwa amekasirika. Pélagie anakiri kwamba ni kweli.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Habibah, Oola, na ukoo wote wa marehemu huku Kampala na kule kaskazini. Tunawapa pole wale kumi na tisa. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nawe unayeanza kuandika, pengine una daftari chini ya godoro na unaona haya kulitoa, litoe. Andika leo vibaya, kesho uandike tena. Kisha jiulize: nimeandika juu ya nani, na je, mwenyewe ameyasikia? Marehemu hakudai zaidi ya hayo kwa mtu yeyote aliyepanda ngazi za baraza lake.

Limebaki jambo moja nililolishuhudia, kwa ruhusa ya wahusika wote wawili.

Jumapili iliyopita, saa tisa alasiri, Pélagie aliketi mbele ya mama yake nyumbani kwao, akaanza kusoma kwa Kiswahili cha kwao. Marlène alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Ukurasa wa pili alimsimamisha kidogo: “Ile mbuzi ilikuwa ya jirani, usitupatie utajiri wa bure.” Pélagie alisahihisha. Ukurasa wa nne ulisema kwamba bibi yao alikataa kuondoka, akabaki mlangoni. Ndivyo watoto walivyoambiwa siku zote. Bibi huyo hawakumwona tena.

Mikono ya Marlène ilisimama.

“Soma tena hapo.”

Pélagie alisoma tena.

“Hakukataa,” Marlène alisema. “Ni mimi nilimwambia abaki. Nilimwambia tutarudi Siku ya Mungu.” Siku ya Mungu, kwao, ni Jumapili.

Pélagie alichukua kalamu.

“Alikuwa amekwisha funga mzigo wake,” mama akaendelea. “Kitambaa cha kijani. Lakini miguu ilikuwa imevimba, na mimi nilikuwa na ninyi watatu. Nikamwambia Siku ya Mungu. Alijua si kweli. Akafungua mzigo, akatoa chumvi, akanipa.”

“Niandike hivyo, mama?”

“Si umekuja kuniuliza? Andika. Na usiseme bibi, bibi. Ana jina.”

Pélagie alikata mistari mitatu, akaandika upya, akaandika na jina: Benedicte. Kisha akasoma ukurasa wote tangu juu. Marlène aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akaomba kalamu. Saa kumi kasoro dakika kumi alitia sahihi chini ya ukurasa wa nne, jina lake lote.

“Endelea,” alisema, na Pélagie akafungua ukurasa wa tano.