Traugott Hüttner, Mpiga Besi wa Erlbach

Marehemu Traugott Hüttner alizaliwa tarehe 4 Machi 1941 kijijini Erlbach, eneo la Vogtland, Ujerumani, mtoto wa tatu wa Ewald na Frieda. Alisoma shule ya hapa hapa hadi darasa la nane. Mwaka 1955 alianza kujifunza kutengeneza ala za muziki za shaba huko Markneukirchen, na kwa miaka arobaini na mitano kazi yake ilikuwa kukunja mabomba ya tuba, tarumbeta kubwa kuliko zote, yenye sauti nene ya besi.

Jioni alipiga tuba katika kwaya ya matarumbeta ya kanisa letu. Mwanzoni alichelewa kila mara, maana sauti nene huchukua muda kuamka ndani ya bomba refu. Annerose, binti aliyepiga tarumbeta mbele yake, aligeuka siku moja katika mazoezi ya Pasaka akamwambia, “Traugott, Yesu keshafufuka, tuba yako bado inafunga viatu.” Tangu hapo akajifunza kupuliza kidogo kabla ya wenzake. Walifunga ndoa tarehe 8 Juni 1963.

Mwishoni mwa 2018 mapafu yake yalidhoofika, na daktari akamkataza kupuliza. Kilichomuumiza ni Pasaka. Alfajiri ile kwaya hupiga makaburini kwa ajili ya waliofariki mwaka huo, na hakutaka wapigiwe wimbo usio na besi. Akawaita Falk na Heike, wapiga tromboni, zile tarumbeta za bomba la kuvutwa. Mmoja apige noti ile ile ya tuba oktava moja juu, yaani ngazi nane juu yake, mwingine noti ya tano juu ya hiyo. Falk hakuelewa.

“Mzee, ile ya chini yenyewe anapiga nani?”

“Hakuna. Masikio yataijaza. Hata nilipopiga mimi, sehemu kubwa mlikuwa mnajipigia wenyewe masikioni.”

Tarehe 21 Aprili 2019 aliketi kwenye kiti cha magurudumu penye lango la makaburi, blanketi magotini. Walipofika ubeti wa mwisho, Annerose alisikia sauti ya chini kabisa, akashusha tarumbeta na kugeuka nyuma kutazama ni nani aliyekuja na tuba. Marehemu alicheka mpaka akakohoa.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 17 Oktoba 2019, dirisha likiwa wazi kama alivyopenda.

Ameacha mjane, Annerose, watoto wawili, Ulrike na Matthias, wajukuu wanne, na dada yake, Hannelore. Leo kaburini Falk na Heike watapiga vile vile alivyowafundisha. Tunaomba tunyamaze kidogo, tusikilize chini, ilipo noti yake.

Mungu aliyempa pumzi na ampe sasa pumziko la amani.