Mama Pembetatu Ameachia Kibodi

Miaka thelathini na mitatu ameitumikia ofisi yetu ya maji, na Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, tarehe thelathini, Mama Pembetatu anastaafu. Nimeombwa nieleze habari zake mimi, dereva wa ofisi, kwa sababu wenye shahada walitupiana mpira mpaka ukachakaa. Kila aliyeulizwa alisema, "Muulizeni dereva, yeye ndiye anayejua ya kila mtu." Hawakukosea. Basi mimi nasema, karani wa mapokezi anachapa, na nimemkataza asipunguze chumvi.

Kwa mliokuja juzi, Mama Pembetatu ni yule mama mfupi wa chumba cha hesabu, mwenye miwani machoni, miwani mingine kichwani, na bado anauliza nani kachukua miwani yake. Alipoajiriwa kazi yake ilikuwa kupanga zamu za pampu kwa kalamu na rula: mtaa gani upate maji saa ngapi, tangi lipi lijazwe kwanza. Kisha ikaja kompyuta kubwa kama kabati la bibi harusi. Wanaume wanne walihema nayo pale mlangoni. Nikawaambia, pisheni. Nikaiinua mimi na mgongo wangu huu. Anayebisha alete kabati.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na lugha ya ajabu, yenye alama ambazo hazimo kwenye kibodi ya kawaida, mpaka vibonye vikabandikwa vibandiko. Nitawaeleza mimi lugha hiyo, maana kwenye semina walieleza siku nzima na watu wakatoka wanapepesa macho. Sikilizeni. Lugha nyingine unaiagiza kama mtoto mvivu: chukua kikombe cha kwanza, osha, weka, chukua cha pili, osha, weka. Hii unaiambia "osha vyombo", imekwisha. Unaipa namba za mitaa yote kwa pamoja, safu kwa safu, inazipiga zote kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana mstari mmoja wa Mama Pembetatu unafanya kazi ambayo kwingine ingejaza ukurasa. Mtaalamu aliyeileta alikaa kidogo akaondoka. Mama akabaki nayo kama mtu aliyeachiwa kasuku wa jirani, akajifunza kusema naye.

Na jina? Ukitaka kuandika fomula katika lugha hiyo, unapiga alama ya pembetatu iliyosimama kwa kichwa. Hapo umeingia kwenye kihariri, yaani chumba cha kuandikia maagizo. Ukimaliza unapiga pembetatu ileile, umetoka. Ukiwa humo ndani, kila utakachoandika kinahesabiwa ni mstari wa fomula, upende usipende. Meneja mmoja wa zamani alisahau kutoka. Akaamrisha hesabu zifanyike, kimya. Akaamrisha tena, kimya. Akaishiwa uvumilivu akaandika, "Mashine mpumbavu wewe." Mashine ikapokea kwa adabu zote, ikampa na mstari unaofuata. Asubuhi yake fomula ikawa inakimbia vizuri, ikifika kwenye tusi inasimama, kwa sababu haijafundishwa namna ya kulitekeleza. Mama Pembetatu alicheka mpaka akakaa chini sakafuni.

Lakini siku nyingi hakuna wa kucheka. Kihariri hicho kikikataa kazi yako kinapiga mlio mmoja, *tii*, na kuandika kwamba maelezo ya fomula yana kosa. Basi. Kosa gani, hakisemi. Liko wapi, hakisemi. Kama mama mkwe aliyenuna: wewe mwenyewe ujichunguze umefanya nini. Pengine umeandika kichwa kizima cha fomula, yaani mstari wake wote wa utambulisho, wakati fomula hiyo tayari ipo. Fomula iliyopo unaiita kwa jina lake tu, hujitambulishi nayo upya kama mnakutana harusini. Pengine fomula yenyewe imekwama katikati ya kazi, na wewe unataka kumbadilishia nguo mtu aliye mbioni.

Mama Pembetatu alikuwa akiusikia ule mlio hata akiwa ukumbini. Anaingia, anamsukuma mtu kwa nyonga, "Sogea mwanangu," vidole vinapita mara mbili tatu, kazi imekwisha. Anarudi kwenye chai yake kabla haijapoa. Tulimsifu sana. Mitaa ya juu, ambayo kwa mlima wake ilistahili kuoga vumbi, haikukosa maji hata mwaka ule wa ukame, na sababu ni hesabu zake. Hospitali aliipangia zamu yake peke yake, na wakunga walimtumia salamu. Hayo ni yake, hatumnyang'anyi.

Ila na hili nalo ni lake, na nitalisema mbele yake kwa sababu nilishamwambia. Kwa huko kusogeza watu, hakuna aliyejifunza. Mlio ukisikika, watu walikuwa hawaangalii hata skrini. Wanageuza shingo mlangoni na kuita, "Mamaa!" Mainjinia wazima, wenye ndevu na watoto, wanaita kama wameangusha uji. Nikamwambia siku moja ndani ya gari, "Mama, wewe hukufundisha watu lugha ya mashine, umewafundisha kuita Mama." Akaninunia mpaka tukafika kwenye pampu ya tatu. Kisha akasema, "Dereva, una mdomo." Nikajua ameniunga mkono.

Sasa, ana dada yake mkubwa. Huyo dada ndiye aliyemlea, mama yao alifariki wao wadogo. Macho ya dada yamekuwa yakififia, naye anaishi peke yake. Alianza kwa kutia chumvi kwenye chai akisema ni sukari, tukacheka. Baadaye akaunguza mkono kwenye jiko. Hapo hatukucheka. Mama Pembetatu akamwahidi, "Dada, nastaafu, nakuja tukae wote." Mwaka ulipofika, ofisi ikamwomba aongeze mwaka, maana fomula hazina mtu. Akaongeza. Mwaka wa pili, wimbo uleule. Safari hii alipopeleka barua, meneja akamwita, akasema naye kwa heshima kabisa, "Mama yangu, mimi nakuelewa. Lakini tangi jipya linaanza kazi, na fomula haijalitambua. Akipatikana mmoja tu wa kuirekebisha pasipo wewe, siku hiyohiyo nakusainia. Asipopatikana, unionee huruma, ni mwaka mwingine." Wala si mtu mbaya meneja wetu. Simu za mabomba makavu zinampigia yeye, hazimpigii mwingine.

Mama Pembetatu akamchagua Injinia Soksi. Tunamwita hivyo kwa sababu tangu azaliwe mtoto wake wa pili hajawahi kuvaa soksi mbili za rangi moja. Akaanza kumfundisha. Tatizo halikuwa Soksi, tatizo lilikuwa vidole vya mwalimu. Mlio ukilia tu, mkono umeshafika kwenye kibodi. Basi akajibunia dawa: kila akikaa naye, anashika kikombe cha chai ya moto kwa mikono yote miwili. Mkono ukitaka kuruka, chai inamkumbusha. Soksi akikosea, mama anakunywa. Wiki ya kwanza alikunywa chai ya kutosha kujaza hilo tangi jipya.

Siku ya mtihani ilipofika, meneja akatoa amri mbili. Kwa Soksi: kabla ya saa ya kufunga ofisi, tangi jipya liwe ndani ya fomula na mitaa ya juu ipate maji. Kwangu: "Dereva, mchukue Mama ukae naye kwenye gari pale uani. Asiingie ndani." Mimi nimewahi kubeba jenereta, nimebeba bomba la chuma, nimembeba mkaguzi aliyelala safari nzima akikoroma. Mzigo mgumu kama ule sijabeba. Gari lilikuwa chini ya dirisha la chumba cha hesabu, na dirisha lilikuwa wazi.

*Tii.*

"Ameandika kichwa kizima," akasema Mama.

*Tii.*

"Amekiandika tena! Huyu mtoto jamani! Aiite kwa jina tu, kwa jina!"

Nikamwambia, "Mama, hapa hakuna chai. Kalia mikono." Akaikalia, kweli. Soksi mwenyewe akatulia kidogo, kisha tukasikia vibonye vinakwenda vizuri, mlio hakuna. Nikashusha pumzi, nikasema mambo si hayo. Mama akatikisa kichwa. Vibonye vikaendelea. Vikaendelea sana. Nikamwona uso unabadilika.

"Hajafunga," akanong'ona. "Amesahau pembetatu ya mwisho. Anadhani anaiamuru, kumbe inayameza yote. Dereva, niache nipite hapo dirishani tu. Nikikohoa ataelewa."

"Kohoa," nikamwambia. "Na dada yako nitampitia mimi, nimwambie Mama amekohoa, tuonane mwakani."

Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. Akanitazama kwa jicho ambalo nimeliona likimtoa mhasibu ofisini. Kitasa akakiachia. Akageuza uso kwenye dirisha la upande wa pili, na nadhani alilia kidogo. Sikumtania. Hata mimi nina kikomo.

Mara Soksi huyo, anatoka. Nikasema kimoyomoyo, yameisha, anakuja kuita. Akapita mbele ya gari, "Shikamoo Mama," bila kusimama, akaenda kwenye pipa la maji, akajimwagia usoni. Anaongea peke yake kama mtu aliyekosana na mkewe: "Naiambia fanya hesabu, haifanyi. Naiambia nionyeshe mitaa, haionyeshi. Kila nikiandika, inanipa namba ya mstari tu. Mstari wa ishirini, wa ishirini na moja..."

Akainua kichwa. Maji yanamchuruzika kidevuni.

"Namba ya mstari," akasema. "Namba ya mstari! Bado nimo ndani!"

Akakimbia, kandambili moja ikabaki pale kwenye pipa, maana viatu alishavua kwa joto la mtihani. Mama Pembetatu alinipiga kofi la paja ambalo mpaka leo nikipanda ngazi nalisikia. "Kaona mwenyewe! Dereva, kaona mwenyewe!" Mimi nikasema naona, Mama, na paja langu pia limeona.

Kutoka hapo ilikuwa kazi ya kusafisha. Soksi alikuwa na takataka nyingi za kufuta, kila amri aliyoipiga humo ndani ilikuwa imegeuka mstari. Mama alikuwa akizifuta naye kwa midomo, hatoi sauti. Mlio mmoja ukalia. Mama akaikalia mikono tena. Wa pili haukulia. Baada ya muda tukamsikia meneja anaongea na simu, na mwangalizi wa pampu ya mlimani anapayuka upande wa pili kama amezaa mapacha: presha imepanda, maji ya tangi jipya yanashuka, mitaa ya juu inachota.

Soksi akatoka na kandambili yake moja. Akafika mlangoni mwa gari, akainama. Mama akajikaza, akavaa uso wa ukali.

"Umehifadhi?"

"Nimehifadhi, Mama. Kabla sijamwambia hata bosi."

"Na fomula iliyokuwa imekwama njiani?"

"Niliiachia kwanza, ndipo nikafungua kihariri."

Akatafuta swali jingine. Namfahamu mama huyu miaka yote, sijawahi kumwona amekosa la kuongeza. Mwishowe akamvuta Soksi kwa shingo kupitia dirisha la gari, akamkumbatia, miwani ya kichwani ikaanguka. Meneja akasainia karatasi palepale, juu ya boneti ya gari langu, nami nikamwambia asikwaruze rangi.

Wiki hii mlio umelia mara kadhaa pale chumba cha hesabu. Nimepita makusudi kusikiliza. Hakuna aliyeita "Mamaa." Wenzake wanamvuta Soksi awafanyie, naye anawaambia, "Kaeni nyinyi, mimi nakunywa chai." Mama Pembetatu alikuwa ukumbini, akasikia. Akasimama kidogo, mkono mmoja hewani, kisha akaendelea na safari yake kwenda kumuaga mama wa usafi. Nilimwuliza, "Imekuuma?" Akasema, "Imeniuma vizuri."

Mama Pembetatu, kwa niaba ya ofisi nzima, mafundi, wasoma mita, waangalizi wa pampu, na hata mashine ile isiyojua matusi, asante. Asante kwa mitaa iliyooga, kwa wakunga walionawa, kwa vidole vyako vilivyotuokoa, na zaidi kwa siku ile ulipovikalia. Jumamosi nakupeleka mimi mwenyewe, na mizigo nitapakia mimi, wala msilete watu wanne. Nilipiga simu kwa dada yako kumwarifu, nikamuuliza kama chumba chako kipo tayari. Akanijibu, "Mwanangu, chumba kipo tayari mwaka wa tatu huu. Ambao hamkuwa tayari ni nyinyi."

Tulikuwa hatuko tayari, ni kweli. Sasa tupo. Nenda ukawe macho ya dada yako, mwonjee chai kabla hajainywa, na mkae mcheke mpaka majirani waulize kuna nini. Maisha yawe mema kwenu wawili.