Fouad Bacar na Kofia Yake ya Ijumaa

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyetupa pumzi na ambaye huichukua apendapo, tunawasomea maisha ya shemeji yetu Fouad Bacar, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1951 mtaa wa Badjanani, Moroni, mtoto pekee wa Bi Maanrifa na marehemu Mzee Bacar, akasoma chuo cha Kurani mtaani hapo, kisha shule ya msingi hadi 1965, na mwaka 1969 akavuka kwenda Dar es Salaam kujifunza ufundi wa injini za dizeli.

Alirudi Moroni mwaka 1974 akafanya kazi katika gereji ya malori, na tarehe 10 Septemba 1983 akamwoa dada yetu Nasrine wa hapa Mutsamudu, na kwa kuwa kwetu mume ndiye huhamia kwa mke, alikuja na sanduku la spana na ubishi wake wote, wakajaliwa Irfane mwaka 1985 na Oumayma mwaka 1988, ambaye ana pumu tangu utotoni, katika nyumba iliyo kando ya barabara ya malori ya kupanda mlimani Patsy.

Kisiwa chetu hiki kilipojitenga na serikali ya Moroni Agosti 1997, jamaa zake wa Moroni walimtaka arudi, na hapa hawakukosekana waliomwita mgeni, lakini alisema hahami penye watoto wake. Mwaka huu vikwazo vilipotufungia bahari, dawa za pumu ziliadimika, dizeli ya magendo ikaja na uchafu wake, nozeli zinazonyunyiza mafuta ndani ya injini zikaziba, na madereva, malori yaliposhindwa mlima, wakafungulia skrubu ya pampu ili injini inywe zaidi, wakiamini moshi mweusi ndio nguvu yenyewe. Nasrine aliziba madirisha kwa matambara, na midomo ya Oumayma ilipobadilika rangi tulijua tunampoteza.

Fouad hakugombana na mtu. Alivaa kofia yake ya Ijumaa, ambayo Nasrine aliidarizi kabla ya harusi, akateremka bandarini, akasafisha nozeli za lori la dereva Saindou, akairudisha pampu kwenye kipimo chake, kisha mbele ya watu akavua kofia akaishika nyuma ya ekzosi, Saindou akakanyaga mafuta, kofia ikatoka nyeusi, kumbe nozeli moja ilikuwa bado imeziba. Kumchafulia mtu kofia ya Ijumaa si mchezo hapa kwetu. Saindou alimsihi afungue injini upya, na Nasrine, baada ya kununa vya kutosha, aliifua, ikarudi bandarini, ikatoka nyeupe, na tangu hapo kila lori alilotengeneza lilipimwa kwa kofia hiyo, na hakuna dereva aliyetaka kuwa yeye wa kuichafua. Mwezi Agosti tuliona kwa macho yetu malori yakipanda kwa msururu, na nyuma yake mlima mzima unaonekana, kijani, hadi mgomba wa mwisho.

Kifua cha Fouad mwenyewe, kilichovuta moshi wa gereji miaka yote hiyo, kilianza kumsumbua Septemba, akalazwa tarehe 2 Novemba, akatutoka alfajiri ya leo, Alhamisi tarehe 9 Novemba 2000, na kwa kuwa simu zimekatwa, Bi Maanrifa huko Badjanani bado hajui kwamba hana tena mtoto.

Tunawashukuru madaktari waliomhangaikia bila dawa, majirani waliokesha nasi, mafundi wenzake, na madereva waliopanga malori chini ya nyumba asubuhi hii, ambao walipotaka kuzima injini kwa heshima, Nasrine aliwatumia ujumbe waziache zikiunguruma. Oumayma aliyang'oa matambara, akafungua dirisha lote, akasimama pale na kofia ya baba yake mkononi, akavuta pumzi ndefu.

Lala, Fundi Fouad, mwanao anapumua.