Meli ya Baba na Mlango wa Nyuma

Sogeeni, wanangu, Suhaib na Samira, na wewe Marcelline jirani yetu, ingia ukae, usisimame kizingitini kama mgeni, maana pumzi zimenipungua na sitaweza kusema neno mara mbili.

Ninaogopa. Si kifo, hicho ni ahadi. Naogopa mlango wa ngazi ya nyuma.

Marehemu babu yenu Salum alichukuliwa Tanga kwenda vitani Asia, kwa meli iliyojengwa kuwastarehesha matajiri, ikapakwa rangi ya kijivu, ikajazwa askari, hata bwawa la kuogelea likakaushwa wakalala humo. Abdulrahman, mwenzake wa chanda na pete, alipangiwa chini kabisa. Kombora la adui lilipoipiga, baba yangu alikuwa juu akigawa chai. Akashuka mbio, akakuta mlango wa chuma umetiwa kufuli, na nyuma yake watu wanagonga kwa mabakuli ya bati. "Salum, fungua!" Sauti akaijua. Alivuta kufuli lile mpaka kucha zikang'oka, maji yakamfika kifuani, wenzake wakamkokota. Na aliyefunga, sikilizeni, hakuwa adui. Alikuwa sajenti wao, aliyeogopa askari wasije wakakanyagana ngazini. Baba alirudi, lakini nyumba yetu haikufungwa mlango mpaka anakufa. Mama alitundika pazia tu.

Suhaib, lile kundi la marungu lilipopita mtaa wetu huu wa Jules Street likivunja maduka ya wageni, uliuchomelea mlango wa nyuma ili utulinde. Firmin, mume wa Marcelline, akakuomba uufungue, mkakosana, hadi leo hamsalimiani. Nilipokusihi ukanijibu, "Baba, kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake." Kweli, ila kunguru hajifungii tunduni.

Juzi chumba cha chini kiliposhika moto, moshi ukajaa ngazi ya mbele, nikasikia kutoka kitandani hapa watoto wa jengo zima wakiugonga mlango ule. Mungu aliuzima moto, hakufa mtu. Lakini mlio ule sikuwa nimepata kuusikia maishani ila katika masimulizi ya baba, nami nikautambua papo hapo.

Basi, kiwanja cha Tanga mgawane kwa sheria ya Mungu, msitoleane maneno. Cherehani apewe Marcelline. Yeye si mrithi, nayo haifiki theluthi ya mali yangu, asinung'unike mtu. Mnizike hapa hapa Johannesburg, msinisafirishe. Suhaib, mtake radhi Firmin.

Waniuliza, "Na wenye marungu wakirudi, Baba?" Huenda wakarudi, mwanangu. Naogopa kama wewe. Tieni komeo la ndani lisilo na ufunguo, mlinde kwa zamu, wewe na Firmin. Lakini asifungiwe mtu.

Nenda sasa, chukua grainda yako ya kukatia chuma. Usingoje nife kwanza... Nenda.

Samira, niinue kidogo. Mungu awajaalie... awajaalie njia ya kutokea katika kila dhiki. Nawe Marcelline, na wanao... Suhaib ameanza? Mbona sisikii... Ah. Naam. Naam, chuma kinakatika...