Benchi Lililopakwa Dhahabu

Siku hiyo kijiweni walikuwepo watu watano. Mama Pacha, muuza kahawa, pacha mmoja kambeba mgongoni, mwingine kamwacha kwa jirani. Msumari, seremala. Kinyozi, ambaye kiti chake cha kazi kilikuwa kitupu tangu asubuhi. Gia Tano, dereva mstaafu anayesimulia kila safari kama ya jana. Na Mistari, mdogo wake Mama Pacha wa tumbo moja, mwanafunzi wa chuo. Wa sita alifika baadaye. Benchi halihesabiwi, ingawa siku hiyo ndilo lililokuwa na kesi: lilikuwa linang'aa kama jino la bandia.

Mistari aliliangalia, akaweka begi lake chini taratibu.

— Nani kafanya hivi?

— Usishukuru, mdogo wangu, alisema Msumari. Hiyo rangi nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya mlango wangu. Nikasema, msanii kwanza, mlango baadaye.

— Nilisema hakuna dhahabu. Wiki nzima nasema. Mwalimu katupa kazi moja tu, video ya rap isiyofanana na zile tulizozizoea. Hakuna gari la kuazima, hakuna cheni, hakuna wasichana wa kutikisika pembeni. Nilitaka benchi kama lilivyo, na nyinyi mmekaa. Basi.

— Ulisema hakuna dhahabu shingoni, alisema Kinyozi. Sisi tumeiweka chini ya makalio. Huko hakuna mwana-rap aliyewahi kufika.

— Kamera ni ya chuo na inarudi leo saa kumi. Sasa hivi ni saa saba. Nisipokabidhi hii kazi, narudia mwaka.

Mama Pacha aliacha kuosha vikombe. Aliijua ile sauti ya mdogo wake, nyembamba, iliyobanwa kama mlango uliozuiwa na mguu. Hasira ikampanda mpaka mtoto mgongoni akashtuka.

— Maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo tuongeze maji, alisema Gia Tano. Mimi naweza kuazima basi.

— Nimesema hakuna gari, mzee wangu.

— Basi si gari la rap. Umemwona wapi mwana-rap kwenye basi la abiria sitini? Na tutaliendesha kinyumenyume. Lenyewe linarudi nyuma, wewe unaimba unakwenda mbele. Hapo mwalimu atakaa chini.

— Basi halitoshi, alisema Kinyozi. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Maana yake ninyoe wengine. Nikunyoe nusu ya kichwa, nusu tuiache. Watu wakiuliza, tunasema ndiyo sanaa.

— Nusu kichwa anayo kila mtu siku hizi, alisema Msumari. Mimi nalifunga benchi kamba, nalining'iniza kwenye paa la karakana. Mistari anakaa juu, anabembea. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana rangi nilipaka mara tatu.

— Na ng'ombe, alisema Gia Tano.

— Ng'ombe wa nini? aliuliza Msumari.

— Mweupe. Kasimama nyuma, katulia, kavaa miwani ya jua. Ng'ombe wa maskini hazai, kwa hiyo tutafute wa tajiri.

Mama Pacha alilishusha birika mezani kwa kishindo, vikombe vikaruka.

— Kahawa imefungwa.

— Shemeji, ndiyo kwanza kikombe cha kwanza... alisema Kinyozi.

— Imefungwa. Huyu mtoto kawaomba kitu kimoja, mkae. Kukaa. Kazi ambayo hakuna anayewazidi. Mnaifanya tangu asubuhi mpaka jioni bila kufundishwa, bila kusimamiwa. Leo mmeombwa muifanye mbele ya kamera, mmeshindwa. Halafu mnaniletea ng'ombe.

Alitaka kuendelea, lakini macho yake yakaangukia magoti ya Msumari. Suruali ilikuwa na vumbi magotini na dhahabu kwenye pindo. Kucha zake nazo zilikuwa za dhahabu. Mtu huyo alikuwa amepiga magoti hapo tangu alfajiri, mgongo wake mbovu vile, ili mtoto wa watu apendeze. Hasira ya Mama Pacha haikupungua, ila ilikosa pa kukaa.

— Na ule ufa wa benchi? aliuliza Mistari.

— Nimeuziba, mdogo wangu, alisema Msumari polepole. Hata hutajua ulikuwa wapi.

Mistari akageukia ukuta.

Ndipo alipofika wa sita, mwanadada mwenye jasho usoni, kamera shingoni na stendi yake ya miguu mitatu begani. Alikuwa anasoma chuo kimoja na Mistari, na alikuwa ameambiwa saa na mahali tu. Akawaamkia wote, akampungia mtoto, akalitazama benchi.

— Samahani, nijue pa kuelekeza kamera. Wimbo wenyewe unasema nini?

Gia Tano alimtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Msumari. Msumari akamtazama Mama Pacha, maana dada mtu hawezi kukosa kujua. Mama Pacha akalitazama birika. Wiki nzima alikuwa amempikia mdogo wake, amempigia pasi shati la video, amewagombeza watoto wasimsumbue akiandika. Hakuwahi kumwambia, hebu niimbie.

Mistari aliimba hivyo hivyo, uso ukutani, bila muziki:

— Siku mama alipoanguka gari halikuja, benchi likaja. Wazee watatu mabegani, dada yangu kona ya nne. Mvua inawapiga, zahanati iko mbali, mbao ikalia, ikapasuka, hawakumwangusha. Usinionyeshe cheni yako, nionyeshe bega. Ule ufa ulitupa mama mwaka mzima, akawabeba pacha.

Gia Tano alivua kofia, akaivaa tena.

Msumari aliondoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa na vipande vinne vya msasa. Akampa Gia Tano kimoja, Mistari kimoja, Mama Pacha kimoja, chake akapiga nacho magoti. Kinyozi hakungoja msasa. Alichomoa wembe mpya kwenye karatasi, akainama, akaanza kuunyoa ule ufa, taratibu, kama anamnyoa mtoto mchanga, akipuliza vumbi la gundi kila baada ya mikwaruzo miwili.

Mwanadada wa kamera aliisimamisha miguu mitatu, akaanza kurekodi.

Mama Pacha alisugua kona yake, ile ya nne, mpaka mbao ikaonekana. Kisha akanyanyuka, akamimina kahawa.

Kamera ilirudi chuoni saa kumi kasoro robo. Mistari hakurudia mwaka. Mlango wa Msumari mpaka leo haujapakwa rangi.