Mzee Gidion Saning'o, Aliyetozwa Kondoo kwa Ajili ya Macho

Mzee Gidion Saning'o alizaliwa tarehe 9 Juni 1953 katika kijiji cha Sambasha, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Saning'o na Mama Nairuko. Alisoma hapo hapo kijijini hadi darasa la saba. Hesabu aliziweza. Kuimba hakukuweza kabisa, na wanakwaya waliopo hapa ni mashahidi.

Mwaka 1971 alishuka Arusha mjini kujifunza uashi, na kazi hiyo aliifanya kwa zaidi ya miaka arobaini. Nyumba nyingi za Njiro zimepita mikononi mwake. Alikuwa mkali wa timazi, ule uzi wa kupimia unyoofu wa ukuta. Ukuta ukipinda kidogo aliubomoa, hata kama mwenye nyumba ameridhika. Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa na Sinyati, wakajaliwa watoto wanne.

Kuanzia mwaka 2013 hivi alianza kupiga teke ndoo za zege na kugonga bega kwenye fremu za milango. Macho hayakumuuma wala hayakuwa mekundu, na uzi wa timazi uliokuwa mbele yake aliuona vizuri, kwa hiyo hakuna aliyefikiria macho. Krismasi ya mwaka 2014 watoto wa ukoo walikuja kumwinamishia vichwa ili awaguse na kuwaitikia, kama ilivyo desturi yetu Waarusha. Aliwagusa waliosimama mbele. Waliosimama pembeni walibaki wameinama mpaka shingo zikachoka. Shemeji yake Resiato alikasirika kwamba wanawe wamebaguliwa. Wazee wakakaa, na marehemu akatozwa kondoo kwa kosa la kuringa. Alimtoa bila ubishi, ila ilimuuma sana kuonekana mtu anayebagua watoto.

Sinyati ndiye aliyeshtuka. Aligundua kwamba nyama iliyo ukingoni mwa sahani inabaki kila siku. Akamkalisha, akamwambia atazame mbele tu, kisha akausogeza mkono wake taratibu kutoka usawa wa sikio la mumewe kuja mbele. Mkono ulikaribia pua ndipo akauona.

"Baba Namnyaki, wewe huringi," alimwambia. "Pembeni huoni."

Hospitalini walikuta presha ya macho. Daktari alieleza kwamba ugonjwa huu mara nyingi huanza kuharibu uwezo wa kuona pembeni, bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Matone ya kila siku hulinda kilichobaki. Akasema pia kwamba huweza kurithiwa katika familia, hivyo ndugu na watoto wapimwe hata kama wanaona vizuri. Kwa marehemu kilichobaki kilikuwa kidogo, na mwaka 2019 aliacha kuona kabisa. Wazee walikuja kuomba radhi na kurudisha kondoo.

"Kondoo mmeshamla," aliwajibu. "Nendeni mkapime macho."

Mapema Februari 2025 alipatwa na nimonia, akalazwa, na alfajiri ya tarehe 11 akafariki dunia. Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa na dada mmoja.

Binti yake wa kwanza, Namnyaki, alikataa kupimwa kwa kuwa haoni tatizo lolote. Marehemu alimpigia simu kila jioni mpaka akaenda, akakutwa na presha hiyo hiyo, bado changa. Anatumia matone hadi leo. Ndiye anayewasomea wasifu huu, na anawaona nyote, hata mliokaa pembeni.

Asante, baba. Bwana akupumzishe kwa amani.