Mama Esnart Hamaundu, Aliyetutafutia Wajomba

Wapendwa waombolezaji, mtanisamehe kusimama mbele yenu na kiatu kimoja. Sababu nitaisema mwishoni, maana Mama hakupenda mtu anayeanza hadithi kwa kuimaliza.

Marehemu Mama Esnart Hamaundu alizaliwa tarehe 14 Mei 1951 hapa hapa Hamapande, Choma, mtoto wa tatu kwa mama yake. Alikuwa Muleya, mtu wa ukoo wa mbuzi, kama mama yake na wajomba zake wote. Tangu utotoni alikuwa mbishi. Mjomba wake, Mzee Simoonga, ambaye yupo nasi pale kwenye kiti chenye blanketi, husema kwamba Esnart alibishana hata na mkunga.

Alisoma shule ya misheni, kisha akafuzu uuguzi mjini Livingstone mwaka 1973. Alifanya kazi katika zahanati ya Pemba, hapa jirani, kwa miaka ishirini, na wanaume wazima wa wilaya hii bado wanaogopa kutaja sindano zake. Mwaka 1975 aliolewa na Mwalimu Jairos Hamaundu, mtu mpole, ambaye alitangulia mbele ya haki mwaka 2009. Walijaliwa mtoto mmoja, kaka yetu Nchimunya.

Mwaka 1994, watoto walipozidi kuachwa zahanati baada ya mama zao kufariki, aliliomba kanisa ghala la mahindi lililokuwa tupu, akalipaka chokaa, akaliita Nyumba ya Watoto ya Lusyomo. Alituongoza kwa sala, kwa uji na kwa ufagio. Lakini kazi yake kubwa haikuwa kutuweka pale. Kazi yake ilikuwa kututoa. Kila mtoto aliyeingia, Mama alipanda baiskeli kwenda kumtafutia watu wa mama yake. Aligonga mlango, akakaa bila kukaribishwa, akasema, "Nimewaletea habari za mpwa wenu." Waliomfukuza asubuhi aliwarudia jioni. Alisema mtoto anaweza kulelewa na kanisa, lakini siku ya kuoa au ya kuzika, atauliziwa mjomba.

Kila Krismasi, basi, watoto wote walikwenda kwa wajomba. Mwaka 2003 wafadhili wakaja kutoka ng'ambo na gari la zawadi na kamera zao, wakakuta uwanja mtupu, kuku wanaparua.

"Watoto wako wapi?" wakauliza.

"Wako kwao."

"Si hapa ndiyo kwao?"

"Hapa ni njiani," akajibu Mama, akawakaribisha chibwantu, togwa letu la mahindi.

Mwenyekiti wa kamati ya Lusyomo alimvuta pembeni. "Mama, utatuua! Wafadhili watakimbia hawa!"

"Wakimbie na peremende zao. Haya si maonyesho ya ng'ombe."

Hawakukimbia. Walirudi mwezi wa nne, wakawakuta watoto, na baadhi ya wafadhili hao wamekaa nasi hapa leo. Karibuni sana.

Sasa naomba niseme kuhusu mimi kidogo, maana marehemu aliniagiza. Mimi ni Luyando, niliyesomeshwa naye hadi chuo. Niliachwa kwenye benchi la zahanati mwaka 1998, nikiwa mchanga, bila jina. Mama alinitafutia watu wangu kutoka Muzoka na Batoka hadi Kalomo. Hakuna aliyenijua. Kwa hiyo Krismasi, wenzangu walipokwenda kwa wajomba zao, mimi alinileta hapa Hamapande kwa mjomba wake yeye.

"Mjomba," alimwambia Mzee Simoonga, "mtoto huyu hana ukoo. Mtieni kwetu."

"Ukoo si uji, Esnart, wa kumgawia kila mwenye bakuli."

"Sasa mtamwita nani?"

"Tutamwita mgeni. Na mgeni tunamlisha vizuri."

Kweli walinilisha. Kila mwaka watoto wa hapa waligombania miguu na shingo ya kuku, wakipigana vikumbo na kucheka, nami nilikaa mkekani na paja zima, paja la mgeni. Nililichukia paja lile, Mungu anisamehe. Kila mwaka Mama aliomba, na kila mwaka mzee aliangalia pembeni. Njiani kurudi niliwahi kulia. Mama akaniambia, "Vumilia. Watu wa hapa hawamtukani mgeni. Siku watakapokutukana, ujue umefika."

Mwaka jana figo zake zilianza kushindwa. Aliugua bila kunung'unika, isipokuwa kuhusu chumvi. Tarehe 3 Agosti 2023, alfajiri, alilala akiwa ameshika mkono wa Nchimunya na wangu, akiwa na miaka sabini na miwili. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa swali: "Wameshakutukana?" Nikasema bado. Iliniuma mpaka leo asubuhi.

Leo asubuhi watani wetu, watu wa ukoo wa fisi, walifika kututania msibani kama ilivyo desturi. Mkubwa wao, Mzee Hamusonde, alijitumbukiza kaburini, akalala chali. "Sitoki! Nileteeni mbuzi mnono!" Alipotolewa akawapitia wafiwa mmoja mmoja, akamvua Nchimunya kofia, akawaita wanawake wa ukoo vibudu. Alipofika kwangu, alishusha sauti. "Pole sana, binti," akasema, akanipa mkono, akapita.

Ndipo ikatoka sauti kwenye kiti chenye blanketi.

"We fisi! Umepofuka? Huyo naye ni mbuzi wangu. Mbona humli?"

Mzee Hamusonde akageuka, akanipima juu hadi chini. "Lo! Kumbe mbuzi! Mbona kakondeana hivi, vitabu vimemla nyama yote?" Akanivua kiatu, akakimbia nacho. Anataka kuku ndipo anirudishie. Mjomba amesema atalipa yeye.

Marehemu ameacha mjomba, Mzee Simoonga, mwana, Nchimunya, mkwe, Mutinta, wajukuu wawili, na watoto wa Lusyomo, kila mmoja na wajomba zake. Katika karatasi mlizo nazo nimeandikwa mwishoni, "mlelewa wa marehemu." Zilichapishwa jana. Someni: binti.

Pumzika kwa amani, Mama. Wameshanitukana.